Tomi asiachwe barabarani

Morogoro Mjini

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kwa nafasi ya chuo uliyoipata Dodoma, lakini hilo tutaliongea siku nyingine, maana la mbwa wetu Tomi haliwezi kungoja. Umesema babu anahama hapo Mabwerebwere kwenda Ifakara kwa baba yako mdogo, wenye nyumba za kupanga hawataki mbwa, na umefikiria kumpeleka Mikumi mjini umwache pale malori yanapolala, kwa kuwa mabaki ya chakula hayakosekani.

Usifanye hivyo, mwanangu. Nakusihi.

Tomi amezaliwa na kukulia uani. Barabara kuu ya kwenda Zambia haijui, na malori ya usiku hayamsubiri mbwa avuke. Hata akipona, ataishi na mbwa wasio na mwenyewe wala chanjo, na kichaa cha mbwa kikimpata yeye, kesho kitampata mtoto wa mtu. Dalili za ugonjwa ule zikishatokea, hakuna daktari wa kumwokoa mgonjwa. Halafu Hifadhi ya Mikumi, iliyopo tangu 1964, imepakana na mji. Mbwa mwenye njaa hasomi kibao cha mpaka. Mwaka 1994 kule Serengeti walikufa simba wapatao elfu moja, karibu theluthi ya simba wote wa pale, kwa ugonjwa wa distempa ambao chanzo chake kilihusishwa na mbwa wa vijijini. Mikumi ina simba, na ina mbwa mwitu, ambao duniani wamebaki wachache sana.

Sasa sikia. Huko kwenu Kilosa si mahali pa mbwa kukosa kazi. Wakulima wanakesha kwenye madungu kwa ajili ya nguruwe pori, na mchana wanashinda na nyani na ngedere. Wafugaji nao wanasumbuliwa na fisi. Tomi amekua na mbuzi wa babu na hajapata kumfukuza hata mmoja. Mimi ningeanzia kwenye maboma ya wafugaji. Usiwaruke majirani zetu Waislamu kwa kudhani watakataa. Mbwa wa kulinda mifugo au shamba ameruhusiwa katika dini yao, mradi asilale ndani. Uliza kwa heshima, wakujibu wenyewe.

Atakayesema anamtaka, mtembelee kwake kabla hujampa jibu. Muulize atakula nini na atalala wapi, ila swali ninalolitegemea kuliko yote ni hili: mbwa uliyekuwa naye kabla ya huyu aliishia wapi? Akikuambia alizeeka akafia nyumbani, kaa naye muendelee kuongea. Akikuambia walikuwa watatu na wote wamepotelea porini, aga kwa adabu uondoke. Wapo wanaochukua mbwa kwa ajili ya kuingia nao hifadhini kuwinda swala usiku. Mbwa wa namna hiyo hufia kwenye mitego ya nyaya au mdomoni mwa chui, na mwenyewe huishia mahakamani. Sitaki Tomi aende huko hata kama mtu huyo ni ndugu yetu.

Na wewe sema kweli. Tomi anafukuza kuku, na anamkoromea mtu anayemshika akiwa anakula. Usilifiche hilo kwa hofu ya kukataliwa. Akija kumng'ata mtoto wa watu, watampiga hadi afe, na hutakuwepo kumtetea.

Kabla hajaondoka, bwana mifugo wa kata amdunge chanjo ya kichaa, na kadi yake iende pamoja naye. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Mwambie mwenyeji wake mpya, kisha umkumbushe tena. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa, kwa hiyo unawafanyia hisani na watu wasiomjua kabisa Tomi. Suala la kumhasi nitaliulizia hapa chuo kikuu cha SUA, kwenye hospitali yao ya wanyama. Gharama niachie mimi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze asiteseke, na kwangu wajibu huo hauishi mpaka Tomi apokewe na mtu wa kuubeba.

Siku ya kumpeleka, tembea naye mwenyewe kwa kamba. Asifungwe ndani ya kiroba juu ya bodaboda, atafika amechanganyikiwa. Beba gunia analolalia ili apate harufu anayoijua. Waambie wamfunge siku za mwanzo, wamlishe kwa mkono wa mtu mmoja, wamfungulie kidogo kidogo, kwa sababu mbwa hurudi mji wake wa zamani hata kwa safari ya siku nzima, na akiukuta mtupu atazurura. Kwa sababu hiyo mtafutie nafasi sasa hivi, wakati babu bado yupo, ili wakishindwana awe na pa kurudi.

Nimeshaongea na baba yako mdogo. Amekubali babu asihame mpaka Tomi amalize mwezi mzima kwa wenyeji wake wapya. Anza na boma lile lililo karibu na malisho ya babu, kisha unipigie.

Shangazi yako