Mashine Haijui Nia

Msomaji kijana, kazi yangu ni uhandisi wa elektroniki. Kwa muda wa miaka 30 nimepata riziki yangu kwa kuunda mitambo midogo na kuiandikia programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya moja. Watu wengi hudhani kuwa mtu wa kazi kama hii, awapo kazini, hana haja ya kufikiri juu ya imani yake wala juu ya watoto wake. Mimi pia nilidhani hivyo zamani. Nakuandikia leo ili nikueleze jinsi kisima kimoja cha maji kilivyonitoa katika dhana hiyo.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio mjini Mombasa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba kilichotazama njia, na ndani yake mlikuwa na meza, chuma cha kulehemu, bisibisi za kila namna, na rafu zilizojaa redio zilizonyamaza. Jioni nilipotoka chuoni kusoma Kurani nilikaa kando yake nikimshikia taa. Yeye ndiye aliyenionyesha transista kwa mara ya kwanza: kitu kidogo kama punje ya kunde, chenye miguu mitatu. Aliniambia kuwa mguu mmoja ukipewa umeme kidogo, umeme mwingi hupita katika miguu miwili iliyobaki. Ukinyimwa, njia hufungwa. "Ni kama bawabu," alisema. "Mnong'oneze tu, atafungua lango kubwa."

Baadaye nilisoma kuwa chombo kile kilibuniwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell, Marekani, na John Bardeen na Walter Brattain, katika kikundi kilichoongozwa na William Shockley, na kuwa mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Simu ya kisasa iliyo mfukoni mwa mtu ina transista kwa mabilioni, na kila moja haina kazi ila kufungua lango na kulifunga. Lango lililo wazi huitwa moja. Lililofungwa huitwa sifuri. Katika mambo mawili hayo hutoka hesabu, herufi, sauti na picha.

Chuoni nako nilifunzwa jambo lililonikaa moyoni. Mwalimu wetu alituambia kuwa ibada haitimii bila ya nia. Mtu ainamaye bila ya nia amekunja mgongo tu. Nililipenda sana neno lile. Walakini, nilipokuwa mtu mzima, nililigeuza kuwa maficho yangu. Kila nilipopungukiwa katika wajibu wangu nilijiambia kuwa nia yangu ilikuwa njema, nikalala usingizi.

Lakini mashine haijui nia. Katika karne ya 9 aliishi mjini Baghdad mwanachuoni aitwaye al-Khwarizmi, ambaye jina lake lilizaa neno algorithimu, yaani njia ya kutatua jambo hatua kwa hatua bila ya kuruka hata moja. Ndivyo kompyuta ifanyavyo kazi. Ukimtuma mtoto dukani kununua chumvi, akakuta duka limefungwa, atakwenda duka la pili, kwa kuwa anajua kuwa haja yako ni chumvi. Kompyuta itasimama kwenye mlango uliofungwa mpaka siku ya kiyama, ikiwa ndivyo ulivyoiandikia.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kuongoza pampu ya maji katika nyumba za kupanga mjini. Pampu ilijaza tangi kwa muda, ikapumzika nusu saa ili kisima kipate kujaa, kisha ikaanza tena. Ilifanya kazi miaka miwili bila ya lawama, nami nikajiona bingwa. Watu wa kijiji kimoja katika nyanda kavu za Ukambani waliponiomba mtambo wa kisima chao, nilichukua programu ile ile nikaitia katika mtambo mpya uliotumia nguvu ya jua na betri. Kijana niliyefanya kazi naye alinisihi tuipitie upya mstari kwa mstari. Nikamjibu kuwa programu ile ilikwisha kujithibitisha. Nilikuwa na haraka, na haraka yangu niliiita bidii.

Nyumbani hali haikuwa njema. Niliondoka kabla ya watoto kuamka na kurudi wakiwa wamelala. Mke wangu aliponilalamikia, nilimwambia kuwa yote niliyafanya kwa ajili yao, na kuwa Mungu anaijua nia yangu. Akanijibu kwa upole, "Mungu anaijua, baba watoto, lakini watoto hawaijui."

Siku ya hamsini tangu nilipouwasha mtambo wa kijijini, pampu ilinyamaza. Habari ilinifikia siku ya pili yake, Ijumaa usiku. Asubuhi nilipokuwa nikijitayarisha kwa safari, mke wangu alimleta mwanetu wa kiume, mwenye umri wa miaka 12, akasema niende naye. Nilikubali shingo upande.

Tulifika karibu na adhuhuri. Mbele ya bomba palikuwa na safu ndefu ya mitungi mitupu, imepangwa kama watu wanaongoja zamu. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja mzee, alinieleza kuwa wanawake walikuwa wakiteremka mpaka mto wa msimu, wakichimba mchangani na kuchota maji kwa kata, na kuwa jana yake wasichana wengi hawakufika shuleni kwa sababu hiyo. Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali.

Nilifungua sanduku la mtambo, nikaunganisha kompyuta yangu. Mwanangu alisimama nyuma yangu akinikingia jua kwa kipande cha boksi ili nione kioo. Betri ilikuwa imejaa. Pampu ilikuwa nzima. Nyaya zote zilikuwa mahali pake. Baada ya saa moja nililiona kosa, nalo lilikuwa langu.

Mtambo ule ulipima wakati kwa kuhesabu sehemu za elfu za sekunde tangu ulipowashwa. Nafasi ya kuwekea hesabu hiyo ilikuwa na tarakimu 32 za sifuri na moja, na namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 4,294,967,295. Hesabu ikifika hapo hurudi kwenye sifuri, kama vile saa ya ukutani irudivyo kwenye moja baada ya kumi na mbili. Kufika huko huchukua siku 49 na saa 17 hivi. Mimi nilikuwa nimeiagiza mashine ipumzike mpaka hesabu ifikie namba fulani, na namba hiyo niliiweka katika nafasi iliyo pana zaidi. Siku ile namba ilipita upeo wa hesabu. Hesabu ikarudi kwenye sifuri, na mashine, kwa utiifu wote, ikaingoja saa ambayo isingefika kamwe.

Utauliza kwa nini mjini haikuwa hivyo. Mjini umeme ulikatika mara kwa mara, na kila uliporudi hesabu ilianza upya. Nilichokiita uimara wa programu yangu kilikuwa udhaifu wa umeme. Kijijini betri haikuzimika hata usiku mmoja, na kosa langu likapata nafasi ya kukomaa.

Wala jambo hilo halikuwa geni kwangu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5, katika safari yake ya kwanza kutoka Guyana ya Kifaransa, iliacha njia yake na kulipuka kabla ya dakika moja kwisha, kwa sababu namba moja ilizidi nafasi iliyotengewa. Sehemu hiyo ya programu ilitolewa katika roketi ya Ariane 4, ambako haikuleta taabu. Kisa hicho niliwahi kuwasimulia vijana wa kazi yangu mara nyingi, nikiwa nimesahau kujisimulia mwenyewe.

Mama mzee akanijia, akauliza, "Mwanangu, ni nini kilichoharibika?"

Dawa ya haraka ilikuwa kuzima na kuwasha. Ningesema kuwa betri imechoka, na hapana mtu pale ambaye angenikanusha. Ningepewa shukrani pamoja na nauli. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ndipo kivuli cha boksi kilipotikisika juu ya mikono yangu, nikamkumbuka baba. Siku moja mtu alirudisha redio, na baba alipoifungua akaona kuwa waya aliyoilehemu mwenyewe mwezi uliopita imeachia. Akamwambia mwenyewe, "Kosa ni langu," akakataa malipo. Mtu yule alipokwenda zake nilimuuliza baba kwa nini alisema, na hali mteja hakuona. Akanijibu, "Yeye hakuona, lakini wewe uliona, na aliyetuumba aliona."

Nikasema, "Mama, hapana kilichoharibika. Mimi ndiye niliyekosea. Sikukusudia."

Akanitazama kidogo. "Najua hukukusudia," akasema. "Lakini kiu haiulizi nia."

Nilirekebisha programu palepale. Niliiagiza mashine isingoje tena namba fulani, bali itoe hesabu ya mwanzo wa mapumziko katika hesabu ya sasa, na hivyo ijue muda uliopita. Kisha niliisogeza hesabu mpaka karibu na mwisho wake, mimi na mwanangu tukaitazama ikirudi kwenye sifuri. Pampu ikaamka. Maji yalipofika bombani ilikuwa alasiri. Nikangoja mitungi ijae kwanza, kisha nikatia udhu, nikasali. Jioni nilimpigia simu yule kijana nikamwomba radhi, na Jumatatu niliirekebisha pampu ya mjini pia.

Njiani mwanangu aliniuliza kama nilimwogopa yule mama. Nilimwambia kweli: "Nilikuogopa wewe." Alicheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza namba ile kubwa ilipatikanaje. Tulizungumza mpaka tukafika nyumbani. Sikumbuki safari nyingine iliyokuwa fupi kama ile.

Msomaji, sikudharau mafunzo ya mwalimu wangu wa chuoni. Naona kuwa sasa ndipo nimeanza kuyafahamu. Nia ni mbegu, na mbegu iliyofungwa mkobani haimlishi mtu. Aliye na nia ya kuwapa watu maji hana budi kupitia programu yake mstari kwa mstari, hata ile iliyokwisha kusifiwa. Aliye na nia ya kuwapenda watoto wake hana budi kukaa nao wakiwa macho. Na anayemwamini Mungu, ambaye huiona nia, asiitumie imani hiyo kuwa pazia la uvivu wake.

Yamkini utakuwa mhandisi, mwalimu, mkulima au mwuguzi. Kazi yoyote utakayoishika, siku itakuja ambayo kosa litakuwa lako na uongo utakuwa rahisi. Siku hiyo tazama nyuma yako: huenda pana mtoto amesimama akikukingia jua.