Zamu Yangu ya Kupita Kando

Nilitaka kuwa Msamaria. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue niliingia na moyo gani katika igizo lile.

Makanisa yetu ya Ngara na Biharamulo yalikuwa yamepanga mkutano wa pamoja, na kamati ikaamua kwamba badala ya kwaya pekee, tuandae igizo la mfano wa Msamaria Mwema, ule ulio katika Luka sura ya 10. Tulichaguliwa watu kumi na wawili, nusu kutoka kila wilaya, vijana na wazee. Tulifanya mazoezi kila Jumamosi Nyakahura, ili pasiwe na upande unaosafiri peke yake. Mimi ni mzee wa kanisa, nina mvi za kutosha, na sauti yangu hufika nyuma ya kanisa bila kipaza sauti. Sikuona ni nani mwingine angepewa nafasi ile.

Mwalimu wetu wa maigizo alikuwa kijana aliyesoma Bagamoyo, katika chuo cha sanaa ambacho sasa kinaitwa TaSUBa. Siku ya kwanza alitukusanya akatuambia, "Wazee wangu na ndugu zangu, hapa hakuna mwenye nafasi yake. Kila mtu atapita katika kila nafasi, Jumamosi moja moja. Mwisho tutapiga kura." Akatueleza kwamba katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Mashetani, ya mwaka 1971, vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo ambamo mmoja ni shetani na mwingine ni binadamu. "Mtu akicheza nafasi moja tu," alisema, "anaanza kudhani ndiyo yake."

Manung'uniko hayakukosekana. Mama mmoja alisema hawezi kuwa jambazi, kwani watoto anaowafundisha shule ya Jumapili wangemwogopa. Mimi nilinyamaza, lakini moyoni niliona kijana huyu anatupotezea muda.

Tukaanza na barabara. Yerusalemu iko mlimani, kiasi cha mita 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko chini ya usawa huo. Kwa hiyo mtu yule wa mfano alikuwa akiteremka kweli, katika njia kavu yenye makorongo, mahali pazuri pa wanyang'anyi kujificha. Mwalimu alipotuuliza kama tunaweza kuiwaza njia hiyo, tulicheka. Nani katika sisi asiyeijua? Wote tunakumbuka miaka ambayo gari halikuthubutu kukatiza misitu ya kutoka Nyakanazi kuja huku bila kwenda kwa msafara, na askari wenye bunduki mbele na nyuma. Basi Yeriko yetu ikawa Ngara, na Yerusalemu ikawa Biharamulo. Punda hatukuwa naye. Tukaweka baiskeli, ile ya kubebea mikungu ya ndizi.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa jambazi. Nakiri kwamba nilifurahi. Kupiga kelele na kumvua mtu koti lake ni kazi rahisi kuliko nilivyodhani. Jumamosi ya pili nilikuwa Kuhani, nikapita nikiangalia saa, na watu wakacheka.

Ya tatu nilikuwa Mlawi.

Maandiko hayampi Mlawi neno hata moja. Yanasema tu kwamba alifika mahali pale, akamwona yule mtu, akapita kando. Mwalimu akasema, "Mzee, leo usipite kimya. Sema kwa sauti kile anachowaza." Nikaja, nikamwona kijana wetu amelala sakafuni, na kabla sijafikiri maneno yakanitoka: "Usisimame. Huu ni mtego. Kesho tutatoa taarifa."

Wote wakapiga makofi. Mwalimu akaandika maneno yale katika daftari lake, akasema kuanzia leo Mlawi wetu atasema hivyo hivyo. Wakanisifu kwa kipaji. Nami nilikuwa sijaigiza chochote.

Mwaka 2002 nilikuwa nafanya biashara ya maharage. Jioni moja tulikuwa ndani ya Canter, mimi na dereva wangu, tumechelewa na msafara umetuacha. Jua lilikuwa limezama. Mbele yetu, pembeni mwa barabara, tukaona mtu amelala, nusu kwenye majani na nusu kwenye lami. Dereva akapunguza mwendo, akanitazama. Kila mmoja alijua kwamba majambazi walimlaza mtu wao barabarani ili wenye huruma wasimame. Nikamwambia dereva maneno yale matatu: usisimame, huu ni mtego, kesho tutatoa taarifa. Akakanyaga mafuta. Tulipompita, niliona mkono wake ukitikisika.

Kesho yake kulikuwa na soko. Taarifa sikuitoa.

Habari hiyo nimeisimulia mara nyingi katika ibada, kama ushuhuda wa jinsi Mungu alivyotuepusha na mkono wa wauaji. Watu husema amina. Lakini katika ushuhuda wangu mtu yule alikuwa amelala tu. Mkono sikuwahi kuutaja.

Jumamosi ya nne ilikuwa zamu yangu ya kuwa majeruhi. Nikalazwa kwenye saruji, uso umeelekea ukutani. Aliyelala hivyo hamwoni mtu; anasikia miguu. Akapita Kuhani, viatu vya ngozi. Kisha akaja Mlawi, kijana wa Biharamulo aliyevaa kandambili. Nikazisikia zikija, zikapunguza mwendo. Nikasikia sauti yake juu yangu: "Usisimame. Huu ni mtego. Kesho tutatoa taarifa." Kisha kandambili zikaongeza mwendo, zikaenda.

Miaka yote nilikuwa nimemkumbuka mtu yule kama kitu nilichokiona. Sikuwahi kumwaza kama mtu aliyesikia. Ikiwa alikuwa majeruhi kweli, basi alisikia injini yetu ikija. Alisikia ikipunguza mwendo, na bila shaka akasema moyoni, Mungu asifiwe. Kisha akaisikia ikinguruma na kwenda zake. Nililala pale sakafuni hata igizo lilipokwisha. Mwalimu akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi ya tano ilikuwa zamu yangu ya Msamaria, nafasi niliyoitamani. Niliicheza vibaya kuliko zote. Mikono ilitetemeka nikamwaga mafuta kwenye nguo ya mgonjwa.

Siku hiyohiyo aliyekuwa Mlawi ni dada mmoja wa kanisa letu la Ngara. Alizaliwa ng'ambo ya mto Kagera, akaolewa kwetu, na watoto wake ni Wahangaza. Alipofika mahali pa kusema maneno yangu, alisimama. Akasema, "Mwalimu, naomba haya nisiyaseme. Nitasema ya kwangu."

Wenyeji wa Ngara tunaijua tarehe 28 Aprili 1994. Ndani ya muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco ikageuka mji. Sisi tulikuwa upande wa kuwapokea. Dada huyu alikuwa akivuka, akiwa na miaka saba. "Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na mimi mkononi," alisema. "Kabla ya kufika darajani, bibi mmoja alikuwa ameketi pembeni mwa njia. Hakuweza kuendelea. Alinyoosha mkono akashika kitenge cha mama. Mama akakivuta kitenge, akaniambia nitazame mbele. Sijawahi kumlaumu mama yangu. Angemshika bibi yule, angemwacha nani kati yetu? Ila tangu hapo siwezi kumcheka Mlawi."

Hakuna aliyepiga makofi. Nami nikajua kwamba nikinyamaza sasa, nitakuwa nimepita kando mara ya pili. Nikasimama, nikawaeleza habari ya Canter, pamoja na mkono.

Kijana mmoja aliniuliza swali la haki kabisa: "Lakini mzee, kama kweli ulikuwa mtego?" Nikamjibu kwamba inawezekana. Mpaka leo sijui. Na mama wa dada yetu alikuwa na watoto wawili wa kuwaokoa, mimi nilikuwa na magunia ya maharage. Siwezi kujificha nyuma ya kitenge chake. Hata hivyo, hofu ya jioni ile naweza kuitetea mbele za watu. Asubuhi iliyofuata siwezi kuitetea. Asubuhi hapakuwa na msitu wala giza, askari walikuwepo, na mimi nilikuwa nahesabu fedha. Tena miaka yote iliyofuata nilisimama madhabahuni nikamshukuru Mungu kwa nusu ya habari.

Mwalimu alifunga daftari. Mama yule aliyekataa kuwa jambazi ndiye aliyetuongoza katika maombi. Hakuniombea mimi kwanza. Alimwombea mtu yule, tusiyejua jina lake, na ndugu zake kama aliwaacha.

Wiki iliyofuata nilimtafuta dereva wangu wa zamani. Yuko Biharamulo, amezeeka kama mimi. Nikamwomba msamaha kwa kumfanya atende kinyume na dhamiri yake. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Bosi, mimi nilirudi." Nikamwuliza alirudi lini. "Asubuhi ile ile. Wewe ulipokuwa sokoni nilikuambia nakwenda kuziba pancha. Hapakuwa na pancha. Nilirudi mpaka pale, nikakuta majani yamelala, mtu hayupo. Nikauliza kwa watu wa karibu, hakuna aliyejua." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungenifukuza kazi kwa kupoteza mafuta." Alisema kweli.

Basi miaka ile yote, katika kila safari, nilikuwa nimeketi kando ya mtu aliyerudi, nami sikujua. Nilimwona kama mkono wa kushika usukani.

Jumamosi ya saba tukapiga kura. Vijikaratasi viliwekwa ndani ya kofia. Dada yetu akapata Msamaria. Mimi nikapata mwenye gesti.

Ni nafasi ndogo. Mwenye gesti anaingia mwishoni, anapokea dinari mbili, anaitikia kwa kichwa. Zamani ningesikitika. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulala katika saruji ile, nikaanza kumwaza majeruhi baada ya Msamaria kuondoka. Maana aliondoka. Kesho yake alikuwa na safari yake. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kwa hiyo fedha zile hazikuwa nyingi kwa mtu aliyepigwa hata kuachwa karibu ya kufa. Zilizobaki zilikuwa ahadi tu: atakaporudi, atalipa kitakachozidi. Nani alibadilisha vitambaa vya vidonda? Nani aliamka usiku mgonjwa alipoomba maji? Bwana hatuambii kama mwenye gesti alifanya hivyo. Nafasi yake imeachwa wazi, na nadhani imeachwa wazi kwa ajili ya watu kama mimi, ambao barabara yao ya Yeriko wamekwisha kuipita na hawawezi kurudi kuisafiri upya. Siwezi tena kusimamisha gari lile. Lakini bado wapo wanaoletwa mlangoni.

Siku ya mkutano, dada yetu aliingia akisukuma baiskeli, na watu walicheka kwa kuiona. Kisha akainama kwa majeruhi akamsemesha kwa Kinyarwanda, lugha ya mama yake. Wahangaza walimwelewa bila mkalimani, kwa kuwa lugha zetu zinasikilizana. Kicheko kikakoma. Miongoni mwetu wapo waliokatiwa miti yao na kuibiwa mifugo katika miaka ya kambi, na ambao mpaka leo neno mkimbizi linawatoka kwa uchungu. Wayahudi waliomsikiliza Yesu nao walikuwa na madai yao juu ya Wasamaria. Nadhani ni siku ile tu nilipoelewa kwamba wakati Bwana alipotaja Msamaria, baadhi ya wasikilizaji wake huenda waliacha kutabasamu.

Alinikabidhi majeruhi. Akaniwekea sarafu mbili kiganjani, akasema atarudi. Nilipaswa kuitikia kwa kichwa tu. Nikamwambia, "Nenda salama, dada. Nitakesha naye." Maneno hayo hayakuwa katika daftari la mwalimu, lakini hakuyafuta.

Tangu siku ile, Jumatano jioni nakwenda hospitali pamoja na dereva wangu kuwaona wagonjwa wasio na ndugu wa karibu. Tunapeleka uji, tunakaa. Yeye ndiye anayeendesha. Nami nimejifunza kumwuliza anaona nini barabarani. Na nikiombwa ushuhuda wa safari, nautoa wote, pamoja na mkono uliotikisika.