Jiko dogo la gesi kwenye baridi ya Magamba

Gari linapoiacha barabara kuu pale Mombo na kukata kulia kuelekea Lushoto, familia iliyotoka Dar es Salaam huwa bado imeshusha vioo. Kilomita 33 za kona zinazofuata hubadilisha mambo. Wakifika Soni, penye maporomoko ya maji, watoto wameanza kuulizia masweta. Wajerumani waliupenda ubaridi huu kiasi cha kujenga mji wao hapa na kuuita Wilhelmstal, na ni ubaridi huohuo unaowapandisha wazazi wa leo na mahema yao wakati wa likizo ya Juni.

Kilomita chache juu ya mji uko Magamba, msitu wa zaidi ya hekta 9,000 kwenye Usambara ya Magharibi. Mbega wanaruka juu, ukungu unapita chini, na kati yao imesimama mikulo, mti wa mbao uliokatwa sana zamani na ambao jina lake la kisayansi limebeba jina la Usambara. Mtu aliyezoea kukoka moto kijijini huona ajabu kuzungukwa na miti yote hiyo halafu apike kwa gesi. Lakini hii ni hifadhi ya mazingira asilia, si mahali pa kukata kuni. Na hata mtu akiona tawi limeanguka, unyevu wa huku hulifanya litoe moshi kuliko moto. Ndiyo maana jiko dogo la gesi limekuwa kitu cha kwanza kwenye orodha ya safari, kabla hata ya hema.

Shida yake huanza jioni. Jua likishazama nyuma ya mlima, mvua nyepesi ikaanza, mtoto wa miaka minne analia mikono imekufa ganzi na chai bado haijachemka. Upepo unazima moto kila mara. Hapo ndipo wazo linapomjia mzazi mwenye nia njema kabisa: jiko liingie ndani ya hema, chai ichemke upesi na chumba kipate joto.

Lisiingie. Wala si kwa dakika 5, wala si kwa mlango wa hema ulioachwa wazi kidogo. Gesi inapoungua mahali penye hewa finyu haiungui yote, na hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na haikoholeshi kama moshi wa kuni. Humfanya mtu aumwe kichwa, apate kizunguzungu na kichefuchefu, kisha alale. Kwa mtoto aliyechoka na safari, nani atashangaa akisinzia? Watoto hupumua haraka kuliko wakubwa, hivyo sumu huwawahi. Jiko la mkaa liloingizwa ndani ili kuota moto lina hatari ileile, hata mkaa ukionekana umebaki majivu tu. Mtu akianza kuumwa kichwa ndani ya hema lenye moto, wote watoke nje kwanza, mvua au si mvua, kisha atafutiwe hospitali.

Joto la usiku lina njia nyingine. Maji yanachemshwa nje, yanaachwa yapoe kidogo, yanamiminwa kwenye chupa imara yenye kifuniko kisichovuja, chupa inavalishwa soksi nzito na kuwekwa miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Watoto huipigania. Na kwa upepo wa jioni, gari likiegeshwa upande unakotoka upepo hukinga jiko vizuri kuliko hema lolote.

Kuhusu jiko lenyewe, familia nyingi zinazokwenda kwa gari hubeba ule mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, unaotumika nyumbani. Ukiwa umejaa hupita kilo 12, lakini buti ya gari hailalamiki. Usafirishwe umesimama, koki imefungwa, na madirisha yafunguliwe kidogo, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya chini. Kabla ya kuuwasha, povu la sabuni kwenye maungio litaonyesha kama kuna mahali panapovuja. Kiberiti si kipimo.

Wengine wana jiko bapa la kubebea kwenye kisanduku, ambalo kikopo chake cha gesi hulala ubavuni. Ni zuri na ni jepesi, ila lina tabia mbili za kujua. Kwanza, vikopo vyake vingi ni vya gesi ya butani, ambayo hugoma kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0. Magamba si lazima pafike huko. Kikopo chenyewe hupoa kadiri gesi inavyotoka, na alfajiri moto huwa mdogo kama wa mshumaa. Pili, sufuria pana ya kupikia familia nzima ikifunika hadi upande wa kikopo, joto hukirudia, na kikopo kikipata moto kupita kiasi hulipuka. Sufuria iwe ndogo, hata kama itabidi kupika mara mbili.

Wanaotembea na mizigo mgongoni, kwa mfano wale wanaokwenda kwa miguu siku kadhaa kupitia Rangwi hadi Mtae, hawawezi kubeba hayo yote. Wao hutumia kichomeo kinachoenea kiganjani, kinachofungwa juu ya kikopo cha gramu 230 chenye mchanganyiko wa gesi unaovumilia baridi. Upepo ukizibwa, kikopo kimoja huchemsha lita 10 hivi za maji. Moto ukiachwa wazi kabisa, kimekwisha kwa takriban saa moja. Kizuizi cha upepo kisikizungushie kikopo pande zote, maana nacho kitachemka. Vikopo hivi vinatafutwa mapema kwenye maduka ya wapanda mlima Arusha au Moshi, na anayetoka huko kwa ndege ajue haviruhusiwi, iwe kwenye begi la mkononi au la mzigo.

Halafu kuna suala la ugali. Jiko la kiganjani halikutengenezwa kwa ajili ya mwiko. Mkono mmoja ukisonga na mwingine ukishika sufuria, lile jiko la miguu mitatu myembamba linapinduka, na ugali wa moto ukimwagikia mguu wa mtoto haupanguziki upesi. Uji, ndiyo. Tambi, mayai, supu ya viazi na karoti za sokoni Lushoto, ndiyo. Maharage yachemshwe nyumbani. Juu milimani maji huchemka kwenye joto la chini kidogo kuliko pwani, na maharage mabichi yatamaliza gesi yakiwa bado magumu. Ugali usubiri mtungi mkubwa uliokaa chini kwenye udongo tambarare, watoto wakiwa umbali wa hatua 3.

Pale Mtae ardhi inakatika ghafla, na tambarare za Mkomazi zinaonekana chini kabisa. Jiko huwekwa mbali na ukingo, nyuma ya jiwe. Chai ya mwisho ikishanyweka, kikopo hutikiswa sikioni kusikia kama kuna kilichobaki. Kikiwa kitupu hakichimbiwi shimo wala hakitupwi motoni. Kinarudi kwenye begi, kifuniko kimefungwa, kinateremka na familia hadi Mombo.