Fidla ya Michael Coleman: Santuri na Hatima ya Mapokeo

Mnamo 1992, Gael Linn na Viva Voce walitoa mkusanyo wa muziki wa Michael Coleman (1891-1945), mpiga fidla wa Ireland, ukiandamana na maelezo ya Harry Bradshaw. Aliyezoea kuitazama fasihi simulizi kama sanaa ya utendaji hawezi kuusikiliza mkusanyo huu bila kutatizwa. Swali linalozuka ni hili: je, santuri huyahifadhi mapokeo au huyafisha?

Coleman alizaliwa Killavil, katika kaunti ya Sligo, akahamia Marekani mwaka 1914. Kati ya 1921 na 1936 alirekodi takriban pande 80 za santuri, kila upande ukichukua dakika tatu hivi. Kwao Sligo, muziki huo uliwahudumia wachezaji. Mpiga fidla aliirudia lahani hadi miguu ilipochoka. Studioni hapakuwa na mchezaji. Palikuwa na saa na, aghalabu, mpiga piano asiyeyajua vyema mapokeo aliyotakiwa kuyasindikiza.

Santuri hizo zilivuka bahari zikafika Ireland. Wapiga fidla wa vijijini walizisikiliza na kuziiga, na wengi wao wakaipa kisogo mitindo ya kwao wakaufuata ule wa Sligo. Hata mpangilio uliokusudiwa upande mmoja wa santuri uligeuka kanuni. Hadi leo, anayeanza na “The Tarbolton” hutarajiwa kuendelea na “The Longford Collector”, kisha “The Sailor's Bonnet”, kwa kuwa ndivyo Coleman alivyozipanga.

Ni rahisi kuilaumu santuri. Hata hivyo, mkusanyo wenyewe unatoa ushahidi mwingine. Sikio likitulia, litabaini kwamba Coleman harudii kifungu vile vile: hapa hubadilisha pambo, pale huhamisha mkazo, kwingine huipitisha lahani njia ambayo msikilizaji hakuitazamia. Kilichonaswa, basi, ni tukio moja la utendaji, wala si matini ya mwisho. Mwigaji aliyeishika kila noti alilipokea zao la siku moja akaiacha kando sanaa iliyolizaa. Mwanafunzi halisi wa Coleman ni yule aliyejifunza kubadilisha.

Hoja hii inamgusa kila mhakiki anayefundisha ngano au utenzi kutoka kitabuni. Fanani akishaandikwa, toleo lililochapishwa hupata mamlaka ambayo mwenyewe hakuyadai, na matoleo mengine huanza kuonekana kuwa makosa. Lawama hapo si ya wino. Ni ya msomaji anayesahau kwamba fanani alikuwa na hadhira nyingine, mahali pengine, siku nyingine.

Coleman hawezi tena kuulizwa angezipigaje lahani hizo usiku wa pili. Mkusanyo wa 1992 ni amana kubwa, mradi anayeusikiliza akumbuke kwamba usiku huo wa pili ulikuwapo.