Safari Yetu ya Burigi, na Maswali ya Mjomba

Wengi wenu mmeniuliza habari za safari yetu ya kwenda kutazama wanyama wa mwituni, kwa kuwa mmesikia ya kwamba mwalimu mmoja wa Ngara alipanda gari pamoja na mkewe na watoto wake na mzee wa miaka 75, wakaingia porini kwa kulipa fedha. Wengine mmecheka. Jirani yangu mmoja alisema, "Mtu alipie kumwona nguruwe, na nguruwe anamla mihogo yake bure!" Basi naona heri niandike yote kama yalivyokuwa, mpate kucheka mkiwa mnajua mnachokicheka.

Watu wa mbali hutumia mali nyingi kwenda kusini mwa Afrika, wakatazame wanyama wa Etosha katika nchi ya Namibia na mchanga wa jangwa la Kalahari. Wengine huja kwetu Tanzania, nao hukimbilia Serengeti na Ngorongoro. Lakini sisi tunaokaa Ngara na Biharamulo tuna pori mlangoni, nalo si dogo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 4,707. Mtoto wa Ngara aweza kumaliza shule bila kumwona twiga hata mmoja, isipokuwa katika kitabu. Wangu walikuwa hivyo.

Twaliondoka Ngara alfajiri katika mwezi wa Julai, majani yakiwa yamekauka. Yafaa kwenda wakati huo, maana wanyama husogea karibu na maji, na nyasi haziwafichi sana. Tulipofika Benaco mama watoto alinyamaza, nami pia nalinyamaza. Vijana wa leo huona pale maduka na malori tu. Lakini tarehe 28 Aprili 1994 watu wakaanza kuvuka daraja la Rusumo wakiikimbia vita ya Rwanda, na katika muda wa saa 24 walikuwa wamekwisha vuka wapata 250,000. Wilaya ya Ngara ilijaa. Walikaa hata Desemba 1996, ndipo walio wengi waliporudishwa kwao. Watoto waliniuliza, "Baba, watu wote hao walipikia nini?" Nikawajibu kwamba walipikia miti. Katika mkoa wa Kagera zilichomwa kuni zaidi ya tani 1,200 kila siku. Mti uliokuwa karibu ulikwisha, watu wakaenda mbali, na aliyekwenda mbali kutafuta kuni akawakuta wanyama.

Wala nisiwafiche hili, kwa kuwa lina uhusiano na safari yetu. Wakimbizi walipewa mahindi na maharagwe, lakini nyama hawakupewa. Mtu aliyezoea kula nyama kwake, akikaa mwaka mzima bila nyama, ataitafuta. Shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa mwaka 2008, likaeleza ya kwamba katika miaka ile ziliingia katika kambi mbili kubwa tani 7.5 za nyama ya porini kila juma. Ilikuwa ikipikwa gizani. Siwahukumu. Ila mtu akifanya hesabu ya tani hizo kwa miezi thelathini ataelewa kwa nini pori lilinyamaza.

Kutoka hapo twalipita Nyakahura na Lusahunga, tukafika Biharamulo, mji wenye boma la mawe la Wajerumani ambalo lingali limesimama. Karibu na huko twalimchukua mjomba wa mke wangu. Yeye analima mpakani mwa hifadhi kabisa. Ukisimama penye mahindi yake wayaona miti ya serikali. Zamani alikuwa mwindaji, tena aliyesifiwa. Nalimwalika kwa heshima tu, nikidhani atakataa. Alinijibu, "Mkwe wangu, nitakwenda. Nataka nikitazame kitu kilichompeleka mwanangu gerezani."

Maana kitinda mimba wake alikamatwa mwaka juzi akiwa na nyaya za kutegea wanyama, akahukumiwa. Jambo hili lilijulikana katika jamaa yetu, lakini halikuwa likitajwa mezani. Mke wangu alipolisikia likitajwa waziwazi mbele ya watoto, alishughulika na kufunga chakula katika kapu ambacho kilikuwa kimekwisha fungwa.

Langoni twalipewa wa kutuongoza, binti mmoja askari wa hifadhi, umri wake haukufika miaka thelathini. Alimwamkia mjomba, "Shikamoo, babu," akainama kidogo. Mjomba akaitikia, akamtazama bunduki yake, asiseme neno. Yule binti aliwaambia watoto mambo matatu: wasishuke garini bila ruhusa, wasipige kelele, na nguo za rangi ya buluu au nyeusi wazivue au wazifunike. Rangi hizo huwavuta mbung'o. Ndiyo sababu mitego ya mbung'o hufanywa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, navyo twaliviona vimening'inia mitini kama nguo zilizosahauliwa kambani. Binti yangu mdogo alikuwa amevaa sweta la shule la buluu. Alilivua upesi, na hata hivyo mbung'o walimuma shingoni. Mwenye kwenda na achukue shati jepesi la mikono mirefu.

Saa ya kwanza hatukuona kitu ila nyani na ndege. Watoto walianza kuchoka, na mimi nalianza kuhesabu moyoni fedha nilizolipa. Kisha mjomba akasema, "Simamisha." Dereva akasimamisha. Hakuna aliyeona kitu, hata yule binti mwenye darubini. Mjomba akanyosha kidole penye kichaka, tukatazama, tukatazama, mara sikio likacheza. Walikuwa nyamera, wapata kumi, migongo yao imeteremka nyuma kama paa la nyumba, na mapaja yao yana madoa ya weusi kama aliyeshikwa na mikono yenye masizi. Binti akacheka, akasema, "Babu, umenishinda kazi yangu." Toka hapo walikuwa wakishindana, na safari ikawa nzuri. Twaliona pundamilia, swala, ngiri na watoto wake wanaokimbia mikia juu, na twiga wanne. Mwanangu wa kiume, ambaye hupenda sana kusema, alipowaona twiga alishindwa kusema.

Adhuhuri twalifika ziwani. Ziwa Burigi ni jembamba na refu, limelala kati ya vilima, na kando yake mafunjo yamesongamana. Viboko walikuwa majini, wakipumua na kuzama. Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile, alipita pande hizi mwaka 1861, akaenda Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Huko aliwapiga bunduki vifaru, akaandika habari zao. Mjomba akauliza kama wapo vifaru bado. Yule binti akasema hapana, huku kwetu wamekwisha. Lakini ng'ambo ya mto Kagera, katika hifadhi ya Akagera ya Rwanda, ambako vifaru walikuwa wametoweka vilevile, mwaka 2017 waliletwa vifaru weusi 18 kutoka Afrika ya Kusini, kwa ndege. Mjomba akashika kichwa. "Kifaru ndani ya ndege! Na mimi sijapanda ndege!" Twalicheka sote, hata mbung'o tukawasahau.

Tulipokuwa tukila viazi na samaki chini ya mti, penye mahali panaporuhusiwa, mjomba aliuliza lile alilokuja nalo. Alisema kwa upole, kama mtu auulizaye mlango.

"Binti yangu, tembo akiwa shambani kwangu usiku, ni wa nani?"

"Ni wa serikali, babu. Ni wa watu wote."

"Akiwa anakula mahindi yangu sioni mwenyewe. Nikipiga kelele, naja peke yangu na debe langu. Lakini mwanangu akitega waya kwa ajili ya swala mmoja, mwenyewe huja na gari na pingu. Basi huyu mwenye mali, mbona ana masikio ya upande mmoja?"

Mke wangu alitaka kuyageuza mazungumzo. Binti akasema, "Mama, mwache babu." Akaweka chini kikombe chake. Hakujibu kwa maneno ya kujitetea, nami nilimpenda kwa hilo. Alieleza ya kwamba ziko kanuni za mwaka 2011 zinazoruhusu malipo, yaitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Mwenye shamba hutoa habari kijijini, naye afisa wa wanyamapori wa wilaya huja kupima uharibifu. "Si fidia," alisema. "Jina lenyewe linasema. Ni kitambaa cha kufutia uso."

"Naliandika barua," mjomba akasema. "Masika mawili yamepita."

Binti akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Katika hilo sina la kukujibu, babu. Waliopokea barua ndio wenye kujibu." Akaongeza habari za mizinga ya nyuki inayotundikwa kwa waya kuzunguka shamba, maana tembo huogopa nyuki, na habari za kamba zilizofungwa vitambaa vilivyochovywa katika pilipili na oili chafu. Nalikuwa nimekwisha kusikia habari hizo. Ni njia nzuri, na zimejaribiwa mahali pengi. Ila pilipili huoshwa na mvua na kutaka kupakwa tena, na mizinga hutaka mtu wa kuitunza. Mjane mwenye eka moja na watoto wadogo ataamka usiku na debe, kama mjomba.

Ndipo yule binti akauliza, "Mwanao alitega nyaya ngapi, babu?"

"Walisema kumi na mbili."

Akatuambia habari za pundamilia mmoja aliyemkuta yeye mwenyewe katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Waya ulikuwa umeingia mguuni hata kwenye mfupa, naye alikuwa hai, mtoto wake amesimama karibu. "Mwenye kutega waya hachagui," alisema. "Hachagui dume wala jike, wala mwenye mimba. Na kama hakurudi upesi, nyama huoza, halipati hata tumbo la mtu." Mjomba alitazama ziwa muda mrefu. Akasema, "Baba yangu aliwinda kwa upinde. Mwenye mimba hakumpiga. Waya sisi hatukuwa nao." Hakusema zaidi juu ya mwanawe, wala hakuna aliyemwuliza. Mke wangu alimwongeza chai.

Nami naandika niliyoyafikiri wakati ule, kwa kuwa walimu wenzangu mtaulizwa hayo na wanafunzi. Twawafundisha watoto kwamba pori ni mali yetu, na maneno hayo ni kweli kwa mtoto wa mjini. Mtoto wa mpakani huyasikia kwa sikio lingine. Yeye amekosa shule wiki nzima akifukuza nyani. Kama hatumwambii na habari za kifuta jasho, na namna ya kuandika madai, na tarehe, na shahidi, na nakala ya barua ibaki nyumbani, tutakuwa tumemfundisha nusu ya somo.

Wakati wa kurudi njia ilipita chini ya kilima kimoja. Mjomba akasema tena, "Simamisha." Tukadhani ameona mnyama. Akasema, "Hapa palikuwa na migomba." Hatukuona mgomba hata mmoja, majani tu na miti ya miiba. Akaeleza ya kwamba mama yake alizaliwa pale. Katika miaka ya 1930, ugonjwa wa malale ulipozidi katika Biharamulo, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka nyumba zilizotawanyika, ikawakusanya mahali pamoja palipofyekwa, ili mbung'o wasiwapate. Wengi waliponyeshwa kwa hilo. Lakini migomba iliyoachwa ilimezwa na msitu, na baada ya miaka watu wakaja wakasema, tazama, pori lisilo na mwenyewe. Mama yake alikuwa mtoto. Alikumbuka chemchemi moja isiyokauka hata kiangazi, yenye mawe mawili makubwa, na kijito, na jina la kila konde.

Yule binti alitoa daftari lake mfukoni. "Babu, niambie majina hayo polepole." Mjomba akayataja, akimsahihisha alipoandika vibaya. Yalikuwa majina tisa. Katika ramani yake pale palikuwa peupe.

Akauliza kama chemchemi ile aweza kuionyesha, maana katika Agosti wanyama wa upande ule hutembea mbali kutafuta maji, na askari hawajui waendako. Mjomba akasema aweza, kama miguu yake itakubali. Toka barabarani ni mwendo wa saa moja. Binti akasema ataomba ruhusa kwa mkubwa wake, na gari litamfuata nyumbani. Mjomba akasema vema, lakini waje kabla ya mvua za Septemba, kwa sababu zikianza atakuwa anapanda. Na wakija, wamletee na mtu anayejua ilipokwama ile barua.

Tukafika langoni jua likiwa halijazama.