Mchele na Swali la Damu

Alasiri moja ya masika, huko Masukulu katika wilaya ya Rungwe, bibi mmoja alikuwa barazani akichambua mchele wa Kyela katika ungo. Mvua ilikuwa imekwisha, lakini migomba ilikuwa bado ikidondosha maji. Mjukuu wake, binti asomaye elimu ya viumbe katika chuo kikuu, alikuwa amekuja likizo. Na kwa majivuno kidogo, kama ilivyo desturi ya wanafunzi, alikuwa akieleza kazi yake ya maabara, yaani kulea seli za binadamu ndani ya vyombo, nje ya mwili wa mtu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Mjukuu wangu, hizo seli mnazilisha damu ya nani?"

Swali hilo halikuwa la ujinga. Watu wa umri wake wamekua na habari za mumiani. Zama za ukoloni, katika miji ya Afrika ya Mashariki, hata wazima moto walishukiwa kuwa huvuna damu za watu ili ziwe dawa. Mwaka 2017, ng'ambo ya mpaka, kusini mwa Malawi, uvumi wa namna hiyo uliwafikisha watu kadhaa kuuawa. Achukuaye damu ya mwenzake, ijapokuwa ni tone la kupimia malaria, hana budi kuwa na jibu.

Jibu la binti lilianza na chuma. Kila seli igawanyikayo yahitaji chuma, lakini chuma kikiachwa huru katika damu huwa sumu. Kwa hiyo ini hutengeneza protini iitwayo transferini, ambayo ni kama mchukuzi wa mikono miwili, kila mkono ukishika atomu moja ya chuma. Mchukuzi huyo hupokewa mlangoni mwa seli, huingizwa ndani katika kifuko chenye uchachu, humo hutua mzigo wake, kisha hutolewa nje mzima ili aanze safari nyingine. Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu 3 au 4, na katika hizo ni miligramu 3 hivi tu zilizo mikononi mwa wachukuzi kwa wakati mmoja. Walakini kwa kwenda na kurudi kwao husafirisha miligramu zipatazo 20 au zaidi kila siku. (Chai, ambayo ndiyo fahari ya Tukuyu, ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha mboga kisiingie mwilini, habari hiyo binti aliinyamaza, maana birika lilikuwa jikoni.)

Seli zilizo chomboni hazina ini la kuzitengenezea mchukuzi. Kwa miaka mingi zimelishwa, na mahali pengi zingali zikilishwa, majimaji ya damu ya ndama aliye tumboni, ambayo hukingwa ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa. Hapo bibi aliacha kuchambua. Kwa Wanyakyusa ng'ombe ni mahari, na mimba ya ng'ombe ni mali ya kesho. "Ndama ambaye hajazaliwa?" akauliza, na binti akaona haya.

Akaeleza upesi njia ya pili. Jeni ya transferini ya binadamu ilinakiliwa na kuelezwa na wataalamu mwaka 1984. Nakala ya jeni ikipandikizwa katika mpunga, mpunga huitengeneza protini hiyo ndani ya punje zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kilo moja ya punje zilizokobolewa yaweza kuwa na gramu 10 za transferini, nayo hukamuliwa, husafishwa, na seli huipokea kama ile ya damu. Hakuna ndama, wala mtu achomwaye sindano, wala hofu ya virusi vya mtoa damu.

Bibi aliinua punje moja. "Kama hii?"

"Kama hiyo, bibi, lakini si hiyo. Huo ni mpunga wa ng'ambo, wa kazi ya maabara. Huu wa Kyela ni chakula."

Jibu lilikuwa jema, na wasomi wengi wangeliishia hapo. Lakini bibi alikuwa ameuliza habari za chakula cha seli, hakuuliza seli zenyewe ni za nani, na binti alijua kuwa hilo ndilo zito zaidi. Akasema mwenyewe. Seli alizozilea zilitoka kwa mwanamke Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, aliyetibiwa saratani katika mji wa Baltimore na kufa mwaka 1951. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa, na seli zake zimeendelea kuzaana katika maabara za dunia nzima tangu mwaka huo.

"Walimwomba?"

"Hapana, bibi. Hata watoto wake hawakuambiwa kwa zaidi ya miaka 20."

Bibi aliweka ungo chini. Akataka atajiwe jina lile tena, polepole, akalirudia mara mbili mpaka likamkaa ulimini. Kisha akauliza kama mama huyo aliacha watoto wangapi.

"Watano," binti akasema.