Kiungo Tuliyemjua kwa Masikio

Eldas, mpira tuliusikia miaka mingi kabla ya kuuona. Siku hizo Eldas ilikuwa bado sehemu ya Wajir Magharibi: maduka machache ya mabati, mchanga, na ngamia walioletwa kunyweshwa. Abti, kaka yake mama, alikuwa na duka na redio. Mawe ya redio yakianza kufifia aliyaanika juani, nayo yakaokoa kipindi kimoja zaidi. Mechi za Nairobi zilianza saa kumi, tukishaswali alasiri, na zikaisha kabla ya magharibi, utadhani aliyepanga ratiba alikuwa mtu wa kwetu.

Kiswahili chetu watoto kilikuwa cha kuungaunga. Sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela ilikuwa mwalimu wetu kuliko mwalimu mwenyewe, lakini kasi ya utangazaji ilituacha nyuma, tukabaki tunashika majina tu. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kuwapenda viungo. Redioni mshambuliaji hutajwa akifunga au akikosa, na beki hutajwa akiharibu. Mchezaji wa katikati hutajwa kila dakika, maana mpira hauendi popote bila kumpitia. Kwa mtoto asiyeuona uwanja, mwenye mechi ni huyo.

Wangu alikuwa Abbas Magongo wa Gor Mahia. Desemba 1987 Gor waliwakaribisha Esperance ya Tunis katika uwanja mpya wa Kasarani, baada ya kutoka nao sare ya 2-2 ugenini. Peter Dawo alifunga, mechi ikaisha 1-1, na Kombe la Mandela, la klabu za Afrika, likabaki Kenya kwa mabao ya ugenini. Abti alijaribu kutueleza inakuwaje mtu atoke sare nyumbani kisha ashangilie. Hakuna aliyemwelewa, na nina shaka kama yeye mwenyewe alielewa. Kesho yake kila mvulana alikuwa Dawo. Magongo nilikuwa peke yangu, nikigawa mpira wa matambara kwa washambuliaji kumi na wanne wasiokaba hata kidogo.

Katika redio ile ile tulisikia pia jina la Noah Wanyama wa AFC Leopards. Lilipita sikioni, sikulishika.

Mwaka 1989 ukaja uhakiki. Kila Msomali mtu mzima wa Kenya alitakiwa kuthibitisha kwamba ni Mkenya, kitambulisho anacho au hana, na aliyepita alipewa kadi ya pinki. Abti alifunga duka akaenda kupanga foleni na wazee wenzake, akaulizwa ukoo wake, chifu wake na shahidi wake. Alirudi na kadi, akaiweka kwenye mkebe wa biskuti pamoja na kitambulisho na leseni ya duka, na kwa muda mrefu hakutoka nje ya Wajir bila kupekua mkebe ule kwanza. Nalitaja jambo hili kwa sababu ya yaliyompata mwana wa Noah Wanyama.

Mwana huyo ni McDonald Mariga, kijana wa Muthurwa, Nairobi, na ni kiungo. Mwaka 2005 aliondoka kwenda Enköping, klabu ndogo ya Sweden ambayo hata walimu wa jiografia hatukuijua ilipo. Akahamia Helsingborg, na mwaka 2007 akafika Parma, Italia. Wakati huo nilikuwa nafundisha Wajir mjini, nikimfuatilia kwa magazeti yaliyofika yamechelewa.

Januari 2010 Manchester City walimtaka. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kibali cha kazi: Uingereza ilitaka mchezaji atoke nchi iliyo ndani ya nafasi 70 za kwanza za FIFA, na Kenya haikuwamo. Kule Nairobi watu walishangaa, hata Raila Odinga, waziri mkuu wa wakati huo, akaingilia kati. Kijiweni kwetu Wajir hakuna aliyeshangaa. Mtu ana miguu, ana mapafu, ana klabu inayomsubiri, halafu anaulizwa karatasi. Abti, mzee tayari, aliuliza swali moja tu: "Shahidi hakuwa naye?"

Dirisha la usajili likikaribia kufungwa, Inter Milan wakamchukua.

Usiku wa tarehe 28 Aprili tulibanana kwenye banda la video, jenereta ikinguruma nje. Ilikuwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya: Inter walikuwa wamewafunga Barcelona 3-1 Milan; kule Camp Nou walitakiwa kujihami tu. Thiago Motta alitolewa kwa kadi nyekundu mapema, na Samuel Eto'o, mfungaji hatari wa Afrika nzima, akageuzwa beki wa pembeni. Dakika ya 84 Gerard Piqué akafunga. Bao moja zaidi, na Inter wametoka. Dakika ya 86 kibao kikainuliwa: anatoka Eto'o, anaingia Mariga. Banda lilipiga kelele hata mwenye jenereta akaingia ndani kuona kumetokea nini. Sikumbuki akiugusa mpira mara nyingi. Namkumbuka akikimbia kuziba nafasi, mikono nyuma ya mgongo mpira usije ukamgonga mkononi, na Bojan akifunga bao lililokataliwa kwa kuwa Yaya Touré alikuwa ameshika. Kwa redio tusingeijua kazi ile. Labda utoto wangu wote nilikuwa nampenda Magongo kwa nusu ya kazi yake.

Fainali ya Madrid, Inter waliwafunga Bayern 2-0 na Mariga hakuinuka benchi. Vijana walinung'unika kwamba medali ile ni ya bure. Mimi nasema dakika zile za Barcelona ziliilipia.

Baada ya hapo alipelekwa kwa mkopo Real Sociedad, akarudi Parma, klabu ambayo mwaka 2015 ilifilisika. Akaenda Latina, kisha Oviedo ya Hispania. Magoti nayo yalikuwa na neno lake. Mlango aliofungiwa Uingereza ulimfungukia mdogo wake Victor Wanyama, aliyejiunga na Southampton mwaka 2013 akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya huko.

Mwaka 2019 Mariga aligombea ubunge wa Kibra. Mwanzoni tume ya uchaguzi ilimkataa: jina lake halikuonekana kwenye daftari la wapiga kura. Habari hiyo ilinikuta Eldas, kwenye kibanda cha chai ya maziwa ya ngamia, na mzee mmoja akauliza kama Kibra nako siku hizi wanadai kibali cha kazi. Mariga alikata rufaa, akaruhusiwa, na tarehe 7 Novemba akashindwa na Imran Okoth. Siku hiyo ilitimia miaka saba tangu Victor awafunge Barcelona kwa kichwa akiwa na Celtic.